Panda ndege ng'ambo, gari libaki huku

Mkazi wa Mkolani, jijini Mwanza, anayetaka kwenda Dubai, Guangzhou au Mumbai huanza hesabu zake kwenye simu. Anaweka Dar es Salaam, anaweka Nairobi, kisha Entebbe na Kigali, halafu anatazama bei ipi iko chini. Mara nyingine nafuu iko ng'ambo ya mpaka, tena ya kutosha kumshawishi aanze safari kwa barabara. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba inaanzia kwenye mlango wa uwanja wa ndege. Kati ya mlango huo na nyumba yake kuna mamia ya kilomita, madawati ya uhamiaji na forodha ya nchi mbili, pengine usiku mmoja wa kulala njiani, na swali ambalo wengi hulijibu haraka kuliko yote: niende na gari langu au niliache? Naamini gari libaki upande huu, karibu kila mara. Naamini pia kwamba anayeamua hivyo leo hasaidiwi na yeyote, na kwamba hali hiyo inaweza kubadilishwa kwa gharama ndogo.

Jiografia ya Mkolani ina kichekesho chake. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, kaskazini mwa jiji, na Mkolani iko kusini, kwenye barabara ya kwenda Shinyanga. Anayewahi ndege ya asubuhi ya Dar es Salaam analazimika kulikatiza jiji zima. Mabasi ya Musoma, Tarime na Sirari nayo yako Nyamhongolo, huko huko Ilemela. Kilicho jirani ni stendi ya Nyegezi, na mbele kidogo ni Buhongwa, kisha njia panda ya Usagara. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 19, 2025, kutoka Usagara mtu anafika Sengerema na Geita bila kusubiri kivuko cha Kigongo na Busisi, na kivuko ndicho kilichokuwa kikiharibu ratiba zote za upande huo. Ng'ambo ya daraja, barabara inakwenda hadi Biharamulo, ambako mmoja anashuka mpaka wa Rusumo kwa safari ya Kigali na mwingine anapanda Bukoba na mpaka wa Mutukula kwa safari ya Entebbe. Kwa barabara, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mwanza. Nairobi ni kama kilomita 700, na Kigali ni karibu zaidi ya hapo. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, uwanja wa nchi jirani ndio wa jirani kweli.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumtazama msafiri huyu kama mtu anayekimbia cha kwao. Hadi mwaka 1977 shirika la ndege la East African Airways lilikuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na makao yake yalikuwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kila nchi ikaanzisha shirika lake, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Viwanja vilibaki pale pale, na watu wa pembezoni mwa ziwa hawakuhama. Kilichobadilika ni makaratasi yaliyowekwa katikati, na gari ndilo linaloyabeba kwa wingi kuliko kitu kingine chochote.

Mtu akivuka mpaka wa Kenya pale Sirari kwa miguu huku begi likiwa ndani ya basi, anahitaji pasipoti, ambayo hata hivyo angeihitaji kupanda ndege, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Akivuka na gari, orodha inarefuka. Inatakiwa kadi halisi ya gari, na hapo aliyelinunua kwa mkopo hukwama, kwa kuwa kadi yake iko benki. Kama gari si lake, inatakiwa barua ya mwenyewe. Inatakiwa bima ya nchi anayoingia, ile Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaendelea kuitumia ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000 (wapo wanaoichanganya na cheti cha homa ya manjano, wakafika mpakani wakiwa na kimoja tu). Juu ya hayo yote inatakiwa hati ya forodha ya kuingiza gari kwa muda. Hati hiyo ndiyo wasafiri wa ndege huisahau. Ina tarehe ya mwisho, na aliyeliingiza gari amejifunga kulitoa kabla ya tarehe hiyo. Sasa huyu ameliegesha uwanjani, amepanda ndege, yuko Guangzhou anakagua mzigo. Kiwanda kikichelewesha bidhaa kwa wiki moja, ada ya maegesho inaongezeka kila siku na hati inaisha huku mwenyewe akiwa bara jingine. Akirudi, atakuwa na maelezo ya kutoa kwa watu ambao hawakumtuma Guangzhou.

Kigali ina jambo lake la ziada. Rwanda wanaendesha upande wa kulia, kwa hiyo dereva wetu anaingia Rusumo usukani ukiwa upande usiofaa kwa kuyapita magari mengine, kwenye barabara ya vilima na kona, akiwa na saa ya ndege kichwani. Tena saa za Kigali ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Anapokwenda hilo humpa nafasi kidogo, lakini anaporudi usiku, akihesabu atafika saa ngapi mpakani, linamchanganya.

Makaratasi yanaweza kukamilishwa na mtu makini. Kuna hoja nyingine ambayo umakini hauitatui. Abiria ana njia nyingi za kurudi nyumbani, gari lina moja tu. Mwezi Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wake mkuu na Uganda wa Gatuna, na haukufunguliwa hadi Januari 2022. Mei 2020, wakati wa Uviko, Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, ikaacha malori ya mizigo. Agosti mwaka huohuo Tanzania ikazizuia ndege za Kenya Airways, zikaruhusiwa tena Septemba. Januari 2024 mvutano wa ndege za mizigo ukaleta tishio jingine la zuio, likamalizwa ndani ya siku chache. Migogoro ya namna hii haitabiriki na haimsubiri msafiri amalize ziara yake. Inapotokea, aliyeondoka Mkolani na begi anaweza kununua tiketi ya kurudi kupitia Dar es Salaam, akalipa zaidi, akanung'unika, akafika. Aliyeacha gari Nairobi hana budi kurudi Nairobi, au kumtafuta mtu wa kumpa idhini ya maandishi akalitoe. Gari lililoegeshwa ng'ambo linamfunga mwenye nalo kwenye uwanja mmoja na mpaka mmoja, hata pale shirika la ndege lenyewe linapomhamishia njia nyingine.

Wapo watakaosema gari ni nafuu, na wana haki kwa sehemu. Tuchukue kilomita 700 za Nairobi, gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita, na lita ya mafuta kwa Sh3,000 ili hesabu iwe rahisi. Kwenda ni takriban Sh175,000, kwenda na kurudi Sh350,000. Watu watano wakigawana, ni Sh70,000 kila mmoja, na hakuna basi litakaloshindana na bei hiyo kwa safari ya pande mbili. Familia ya watu watano inayokwenda kwa siku nne au tano, gari ni la baba mwenyewe na kadi iko kabatini, sina ugomvi nayo. Ila wengi hawasafiri hivyo. Mfanyabiashara huenda peke yake au na mwenzake, mwanafunzi huenda peke yake, mgonjwa wa kwenda India huenda na msindikizaji mmoja na hajui atarudi lini. Kwa hawa, Sh350,000 inabebwa na mtu mmoja au wawili, bila bima, bila maegesho, bila tozo za barabara. Njia inayopendwa, ya kumchukua dereva akushushe uwanjani na kurudisha gari Mwanza, inaondoa maegesho lakini inazidisha mwendo maradufu: safari nne badala ya mbili, Sh700,000 za mafuta, posho ya dereva na malazi yake. Nafuu ya tiketi iliyosababisha safari yote imeshaliwa barabarani.

Wengine watasema basi haliaminiki, litaharibika Narok, ndani ya Kenya, au litakaa Sirari saa tatu, na ndege haisubiri. Ni kweli, na ndiyo bei halisi ya tiketi ya ng'ambo. Anayeruka Mwanza hadi Dar na kuendelea kwa tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kumtafutia nyingine. Anayefika Nairobi kwa barabara hana mdhamini. Lakini gari binafsi nalo hupasuka tairi Narok, tena bila basi jingine la kulidandia. Dawa kwa wote wawili ni ileile: kufika siku moja kabla, na gharama ya chumba iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Anayesafiri kwa basi ana hata njia za mkato ambazo hazisemwi sana. Mabasi yanayotoka Isebania, upande wa Kenya wa mpaka wa Sirari, huingia Nairobi kwa upande wa Westlands, na tangu 2022 barabara ya kulipia ya juu inaunganisha Westlands na uwanja wa Jomo Kenyatta. Teksi kutoka hapo haina sababu ya kupita katikati ya jiji. Anayetoka Mutukula kupitia Masaka anaweza kushuka Busega, nje kidogo ya Kampala, mahali hasa inapoanzia barabara ya kasi ya Entebbe iliyofunguliwa 2018. Akiendelea na basi hadi mwisho wa safari yake, ataingia kwenye foleni ya Kampala kisha arudi njia ileile aliyojia.

Linalonisikitisha ni kwamba maarifa haya yamebaki kwa makondakta na wafanyabiashara wazoefu. Arusha walishavuka hatua hiyo. Kwa miaka mingi mabasi madogo ya Arusha na Nairobi yamekuwa yakipita Namanga na kumshusha abiria uwanjani Jomo Kenyatta, kwa ratiba inayojulikana, na Mwarusha hawazi kuegesha gari Nairobi kwa wiki mbili. Kilichosaidia pale ni watalii, waliokuwa tayari kulipa. Duniani kwingine wamekwenda mbali zaidi. Mpakani mwa Marekani na Mexico, tangu Desemba 2015, abiria wa San Diego huacha gari upande wa Marekani kwenye maegesho ya kulipia, akavuka daraja la miguu na kutokea ndani ya uwanja wa ndege wa Tijuana, nchi nyingine kabisa. Daraja hilo ni la wenye tiketi za ndege tu. Waliolijenga walielewa kwamba anayevuka ni abiria, na gari lake halina shughuli Mexico.

Hatuhitaji daraja la namna hiyo. Tunahitaji uzio, taa, walinzi na risiti. Vituo vya pamoja vya forodha vya Sirari, Mutukula na Rusumo vilijengwa kwa kuyafikiria malori, na kwa kazi hiyo vimesaidia. Mwenye gari dogo anayetaka kuliacha upande wa Tanzania na kuendelea kwa basi, hata hivyo, huishia kuliacha kwenye yadi ya nyumba ya wageni kwa maelewano ya mdomo. Nyegezi na Nyamhongolo ni stendi kubwa za kisasa, za Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Eneo la magari kulala wiki mbili chini ya dhamana ya halmashauri, kwa ada ya siku inayolipwa kwa namba ya malipo, lingekuwa mapato ambayo kwa sasa yanakwenda kwenye maegesho ya nchi nyingine. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, nayo inatoa leseni za mabasi ya kuvuka mpaka. Inaweza kumtaka mwenye basi la Nairobi au Kampala aonyeshe kwenye ratiba yake kituo cha abiria wa uwanja wa ndege, hata kama ni Westlands au Busega tu. Mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku tangu 2023, hivyo hata ndege za mchana zinaweza kupangiwa basi.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ni zito kuliko mengine: kwa nini fedha ya umma imrahisishie mtu kwenda kupanda ndege ya Kenya au Rwanda wakati tuna uwanja Ilemela na shirika letu linaruka hadi Mumbai na Guangzhou? Jibu langu ni kwamba anakwenda tayari. Halmashauri haitamzuia kwa kumnyima mahali pa kuegesha. Itamfanya tu aende na gari, anunue mafuta Kisii, alipe maegesho Nairobi. Anayetaka abiria huyu arudi Ilemela ana silaha moja, bei ya tiketi ya moja kwa moja kutoka Mwanza hadi anakokwenda, na hilo ni la mashirika ya ndege na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege kulihangaikia. Siku bei hiyo ikishuka, uzio wa Nyegezi hautapotea bure, kwa sababu wa Mkolani anayeruka kutoka Ilemela naye anahitaji mahali pa kuliacha gari bila kulikatiza jiji nalo alfajiri.