Ski kuukuu: anza na buti

Leo tuache programu kidogo. Nilipokuwa Norway nilinunua ski kuukuu za matembezi ya milimani, zenye kingo za chuma, kwa bei ya kutupa. Kumbe buti zinazoingia kwenye vishikio vyake zilishaacha kutengenezwa! Sisi watu wa programu twaujua ugonjwa huu: faili ipo, cha kuifungulia hakipo.

Ushauri wangu: tafuta vishikio vya pini tatu, kipimo cha milimita 75. Ukoo wake ulianza na Rottefella mwaka 1927, na buti zake bado zauzwa. Unapovifunga, isawazishe ski kwenye ukingo wa rula. Inapotulia, pini zikae hapo. Matundu ya zamani ziba kwa gundi.

Kununua kuukuu si kosa. Kosa ni kununua mfumo uliokufa.