Maiti au mzoga?

Mwaka 2019 mlinzi mmoja wa mbuga ya Virunga alijipiga picha kwa simu. Nyuma yake gorila wawili, Ndakasi na Ndeze, wamesimama wima kama jamaa kwenye picha ya harusi. Watu walicheka dunia nzima. Nami nilicheka, nikaisambaza.

Sikujiuliza kwa nini gorila hao wamezoea watu kiasi hicho. Ndakasi aliokotwa mwaka 2007, akiwa na miezi miwili, ameng'ang'ania maiti ya mama yake aliyepigwa risasi. Usiku ule mlezi wake, Andre Bauma, alimkumbatia kifuani apate joto. Mwaka 2021 alifia mikononi mwake huyohuyo.

Nimeandika maiti, si mzoga, kwa makusudi. Sarufi yetu haina ubaguzi: gorila "amekufa", kama mtu. Msamiati ndio unaotenga, na mhariri akitaka kunisahihisha, tutabishana. Bauma hakumlea mtoto wa mzoga.

Basi anayesambaza picha ile asiitume tupu. Aandike chini yake: hawa ni yatima wa mauaji ya mwaka 2007.