Jasusi, Mzuka na Kamera: Nani Aandike Mswada?

Kijana wa chuo kikuu nchini Kenya anayetaka kutengeneza filamu fupi ya ujasusi yenye mambo ya ghaibu aghalabu huanza na koti refu jeusi, miwani ya giza na bastola ya bandia. Huandika mazungumzo kwa Kiingereza, na kazi inapokaribia kukamilika ndipo humwita mwanafunzi wa Kiswahili aje kutafsiri. Mwanafunzi huyo huja, hutafsiri, hushukuriwa, na jina lake huandikwa mwishoni kwa herufi ndogo. Utaratibu huu umewekwa kichwa chini miguu juu. Katika filamu ya aina hii, msomi wa Kiswahili anastahili kuwa wa kwanza kuitwa.

Dai kwamba Kiswahili hakina jadi ya ujasusi halina mashiko. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ilimleta Bwana Msa na kiko chake. Elvis Musiba naye alimtuma Willy Gamba kazini katika Kufa na Kupona (1974). Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba Bwana Msa anakwenda mzimuni na kurejea na muuaji wa damu na nyama. Yaani riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa mzimuni, kisha ikaukana mzimu. Waliourejesha mzimu ukumbini ni waandishi wa mkondo mwingine kabisa: Kezilahabi katika Nagona (1990) na Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001). Mikondo hiyo miwili imekutana kwa nadra mno, na filamu fupi ni mahali pazuri pa kuikutanisha. Kwamba sinema ya Kenya inaweza kuwaonyesha wafu bila gharama za kutisha, Kati Kati ya Mbithi Masya (2016) ilikwisha kuthibitisha kwa nyumba ya wageni iliyo nyikani na watu wachache wasiokumbuka vema walivyokufa.

Hata hivyo, ujasusi na ughaibu ni vitu vinavyogombana. Jasusi huishi kwa kutojua: hutega sikio, hukisia, hukosea. Jini anayepenya ukuta na kusikia kila siri humwondolea jasusi kazi, na hadithi hufa papo hapo. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fantasia, aliuweka uhai wa utanzu huo katika kusitasita: msomaji asijue kama lililotokea lina maelezo ya kawaida au la. Fasihi simulizi yetu ina dawa nyingine ambayo Todorov hakuihitaji, nayo ni masharti. Mganga hatoi hirizi bure. Husema usigeuke nyuma, usile chumvi, usilitaje jina langu. Filamu ya dakika kumi na tano haiwezi kubeba masharti saba. Sharti moja linatosha, nalo livunjwe.

Mfano upo katika historia ya nchi hii. Wakati wa Operesheni Anvil, iliyoanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, washukiwa wa Mau Mau walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Mtu huyo wa gunia aliitwa gakunia, na kichwa chake kikitikisika tu, jirani yake alipelekwa kizuizini. Tuchukue basi kwamba aliyemo ndani ya gunia alikwisha kula kiapo, na kiapo hicho kiliaminika kumwua anayekisaliti. Foleni inasogea. Ndani ya gunia inasikika sauti. Je, ni kiapo kinachozungumza au ni dhamiri ya mtu aliyekosa usingizi? Hapa pana jasusi, pana ghaibu, pana sharti lililovunjwa, na kifaa cha bei ghali zaidi ni gunia. Wapo watakaosema kuwa kidonda hiki bado ni kibichi, nao wana haki. Ndiyo maana mswada wake usiandikwe na mtu anayekiona kiapo kuwa kichekesho cha kutisha watoto.

Lugha nayo si pambo katika suala hili. Jasusi wa bara anayejifanya mwenyeji wa Mji wa Kale wa Mombasa ataponzwa na konsonanti kabla ya kuponzwa na bastola. Atasema njoo penye ndoo, macho penye mato, cheka penye teka. Na hata akizikariri hizo, t ya menoni na t ya ufizi zitamchongea. Jini mkongwe wa nyumba, aliyesikiliza vinywa vya wapangaji kwa karne kadhaa, atamjua kwa neno moja. Mwandishi gani wa mswada atalibuni tukio hilo kama hakuwahi kuketi katika somo la lahaja? Kwa sababu hiyo hiyo, walimu wanaodai kila mhusika, akiwamo mzuka, azungumze Kiswahili sanifu wanaidhulumu filamu. Usanifu una mahali pake, na pengine mahali pake hapa ni kinywani mwa afisa anayehoji.

Vipawa havikosekani. Vikundi vinavyozunguka shuleni vikiigiza vitabu teule, jana Kigogo na leo Bembea ya Maisha, vimewalea waigizaji wanaoweza kukariri tamthilia nzima. Tatizo lao ni koo. Wamezoea ukumbi wa wanafunzi mia kadhaa, ambamo hata siri hutangazwa kwa sauti ya mnadi, ilhali kamera husimama shubiri chache kutoka usoni na haitaki ila mnong'ono. Wiki mbili za mazoezi ya kunong'ona, waigizaji wakiketi goti kwa goti, zitawafaa kuliko koti lolote jeusi. Na fedha zikiwa haba, picha ipigwe kwa simu, zilizopo zikodi kinasa sauti cha maana. Mzuka asiyeonekana vizuri huvumilika, lakini asiyesikika hamtishi mtu.