Boya si Tusi

Katika mitaa ya Bariadi, kama katika miji mingine ya nchi yetu, neno "boya" limegeuzwa rungu. Mtu aliyepunjwa sokoni huitwa boya. Kijana mgeni wa mambo ya mjini huitwa boya. Mwanafunzi aliyeshindwa hesabu ubaoni huchekwa na wenzake kwa jina hilo hilo, na wapo wakubwa wanaolitamka mbele ya watoto bila ya kuona haya. Nasema waziwazi kwamba matumizi hayo ni dhuluma mara mbili. Yanamdhulumu anayeitwa, na yanaidhulumu lugha ya Taifa, kwa kuwa yanalichukua jina la mlinzi na kulifanya jina la mpumbavu.

Boya ni nini hasa? Ni kitu kinachoelea majini, kilichofungwa kwa mnyororo au kamba kwenye uzito ulioko chini, ili kiwaonyeshe mabaharia njia ya kupita, au mwamba, au fungu la mchanga. Mvuvi naye huliita boya lile linaloushikilia wavu wake usizame, hata likiwa ni dumu tupu tu. Aliyetumbukia majini hurushiwa boya apate kujishikiza. Maana zote hizo zina kiini kimoja: kuelea kwa faida ya mwingine. Mwaka 1980 mataifa yalipatana juu ya rangi za alama hizi, na kwa kanuni inayofuatwa huku kwetu Afrika, meli iingiapo bandarini kutoka baharini huliacha boya jekundu kushoto na la kijani kulia. Nahodha akilidharau boya, hasara si ya boya.

Wenye kulitukana hudai kwamba boya ni jepesi, ndani ni tupu, na kila wimbi hulisukuma. Hoja hiyo ni ya mtu aliyetazama juu ya maji asitazame chini. Wimbi hulitikisa boya lakini haliliondoi, maana limeshikwa na mnyororo. Utupu wake ndio nguvu yake. Lingejazwa mawe, lingezama na kuacha mwamba bila ya mlinzi. Wahenga walikwisha sema, "Vyaelea, vimeundwa." Kinachoelea hakikuelea kwa bahati, kipo kichwa kilichofikiri na mkono uliofanya kazi.

Wapo wengine, hawa ni wasomi, wanaolikataa neno lenyewe kwa kuwa ni la kigeni. Ni kweli kwamba limetokana na Kireno, "boia", nao Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498 na kufukuzwa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Huko Ulaya kwenyewe wataalamu wanabishana kama asili ya neno ni pingu na mnyororo wa Kirumi au ni neno la kale la kaskazini lenye maana ya alama. Kwetu sisi mzozo huo hauna hasara, kwani boya ni yote mawili: limefungwa ili liwe alama. Lakini anayetaka kulifukuza boya kwa sababu ya Ureno, na aifukuze pia meza anayoandikia, na bendera anayoisimamia kila asubuhi. Maneno hayo nayo tuliyapata kwa Wareno. Wareno waliondoka, maneno yakabaki, yakavaa ngeli zetu, tukasema boya hili, maboya haya. Mali hiyo sasa ni yetu.

Tena, kulipokea boya hakukutulazimisha kulitupa neno letu la asili, yaani chelezo. Mwalimu na alitazame neno hilo vizuri pamoja na wanafunzi wake. Kutokana na kitenzi "elea" tunapata "eleza", kisha "chelezo", kwa kanuni ile ile ya sauti iliyotupa chombo na chakula. Na "elea" katika Kiswahili ni kukaa juu ya maji, tena ni kuwa wazi katika akili: jambo hili limenielea. Kwa hiyo chelezo ni ndugu wa kielezo, na ndugu wa maelezo ya mwalimu darasani. Lugha yetu imekiweka kitu kieleacho na kitu kieleacho akilini katika nyumba moja, nasi tunakifanya tusi la asiyeelewa! Upotofu gani upitao huo?

Asiseme mtu kwamba Bariadi ni nchi ya pamba na ng'ombe, na mambo ya maji hayatuhusu. Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, unagusa Ziwa Viktoria kwa upande wa Busega, na Mto Simiyu uliotupa jina humwaga maji yake katika ziwa hilo hilo. Ziwa hilo lilimeza mamia ya watu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na zaidi ya 200 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Mtoto anayekua akilijua boya kama tusi tu, siku atakapopanda mtumbwi na kuambiwa ashike boya, atacheka au atashika?

Basi walimu, lirudisheni neno hili darasani kwa maana yake kamili. Nanyi wanafunzi, mkimsikia mtu akimwita mwenzenu boya, mwulizeni ni mwamba gani aliouona kabla ya boya kumwonyesha. Nami naongeza ubeti mmoja:

Boya lakaa majini, halichoki kuonyesha,
Mwamba uliomo chini, chombo linakiepusha,
Basi ni kwa kosa gani, jina lalo twalishusha?
Shuleni na mitaani, heshima yake rejesha.