Mpira wa Mkojo Kwanza, Kisu Baadaye

Mgongo wa mtoto unaonekana, ndiyo sababu watu wanaushughulikia upesi. Mtoto anazaliwa na uvimbe mgongoni, wanamkimbiza hospitali, mganga anaufunga, na kidonda kinapona. Pengine kichwa kinaanza kukua kwa ajili ya maji, naye anapasuliwa tena. Halafu wazazi wanarudi nyumbani na kusema, "Mtoto wetu amepona." Lakini ugonjwa mmoja umebaki ndani yake, nao hauonekani. Ni ugonjwa wa kibofu cha mkojo. Juu ya huo nataka kusema hapa, kwa maana naona ndio unaowaharibu watoto wengi wa mgongo wazi, wakati wazazi wanafikiri taabu imekwisha.

Tufahamu kwanza kazi ya kibofu. Figo mbili zinachuja damu usiku na mchana, na mkojo unashuka katika mirija miwili mpaka kwenye kibofu. Kibofu ni kama mfuko wa nyama. Kwa mtu asiye na ugonjwa, mfuko huo unalegea na kupokea mkojo polepole, na msuli wa chini unafunga mlango. Wakati wa kukojoa kibofu kinakaza, na mlango unafunguka wakati uleule. Amri hiyo inapita katika mishipa ya fahamu inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Sasa, mtoto wa mgongo wazi, uti wake haukufungika vema katika mwezi wa kwanza wa mimba, siku ambazo pengine mama yake hakujua bado kwamba ana mimba. Mishipa ile imeharibika. Kwa hiyo kibofu na mlango wake havisikilizani. Kibofu kinakaza, na mlango unakaza vilevile. Mkojo utakwenda wapi? Kidogo unavuja nje, na nguvu iliyobaki inasukuma nyuma, juu, mpaka kwenye figo.

Hapa watu wengi wanakosea. Wanaona nguo za mtoto zimelowa kila saa, wanasema, "Huyu hana shida ya kukojoa, anakojoa kupita kiasi." Sivyo. Anayevuja siku zote aweza kuwa na kibofu kilichojaa kabisa, kama pipa la mvua linalomwagika ukingoni. Kulowa kunaleta aibu na harufu na vidonda vya ngozi, lakini kulowa peke yake hakuui. Kinachoua ni ile nguvu inayosukuma figo. Mwaka 1981 Edward McGuire na wenzake waliandika juu ya watoto wa ugonjwa huu ambao walipimwa nguvu ya mkojo ndani ya kibofu. Wale ambao mkojo haukuvuja mpaka nguvu ilipopita sentimita 40 za maji, wengi wao mirija na figo ziliharibika. Wale waliovuja mapema, nguvu ikiwa bado ndogo, kwa sehemu kubwa walikaa salama. Angalieni neno hili, mama na baba: mtoto aliye mkavu kuliko wenzake, ambaye mnamsifu, pengine ndiye aliye katika hatari.

Basi, dawa ya kwanza ni nini? Ni mpira. Sisemi mpira ule unaokaa ndani pamoja na mfuko juma kwa juma. Nasema mpira mwembamba unaoingizwa katika njia ya mkojo, mkojo unatoka wote, na mpira unaondolewa palepale. Mchana hufanywa kila baada ya saa tatu au nne. Ni kazi ya dakika chache.

Desturi hii ina historia yake. Huko Stoke Mandeville, Uingereza, Ludwig Guttmann aliwatunza watu waliovunjika uti wa mgongo tangu wakati wa vita ya pili ya dunia, naye alitumia mpira wa kuingiza na kutoa. Lakini aliutumia kwa usafi wa chumba cha kupasulia, na vyombo vilivyouawa vidudu vyote. Nani aweza kufanya hivyo nyumbani mara tano kwa siku? Halafu mwaka 1972 Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, walitangaza neno lililowashangaza waganga: vyombo si lazima viwe bila kidudu hata kimoja, inatosha viwe safi. Fikira yake ilikuwa hii. Kibofu kikijaa na kuvutika sana, damu haipiti vema katika nyama yake, na nyama isiyo na damu ya kutosha haina nguvu ya kupigana na vidudu. Kibofu kikimwagwa mara nyingi kinajilinda chenyewe. Kwa hiyo kumwaga kwa saa zake ni kitu kikubwa kuliko kuchemsha vyombo. Tangu hapo watoto wasiohesabika wamelindwa figo zao kwa maji, sabuni na mpira mdogo.

Najua wauguzi wengine wanakataa. Wanasema, "Mpira unaleta ugonjwa." Nawajibu kwamba mkojo unaolala ndani ndio unaoleta ugonjwa mkubwa zaidi. Ni kweli, mkojo wa mtoto anayetumia mpira mara nyingi ukitazamwa kwa darubini una vidudu. Lakini ikiwa hana homa, wala maumivu, wala dalili nyingine mpya, vidudu hivyo havihitaji dawa. Kumpa dawa kila mara ni kuvizoeza vidudu, hata siku anapougua kweli dawa haifanyi kazi. Akiwa na homa, au akitapika, au akiumwa ubavuni, hapo asikae nyumbani hata siku moja.

Tena kuna hofu ambayo watu hawaisemi mbele ya mganga, bali wanaisema jikoni. Bibi wa mtoto anauliza: je, mpira hautamwondolea msichana ubikira wake? La. Njia ya mkojo ni tundu dogo lake peke yake, na njia ya uzazi ni nyingine, iko chini yake. Mpira wa mkojo haupiti huko. Ni afadhali muuguzi aeleze jambo hili kwa kuchora picha, bila kungoja kuulizwa, kwa sababu nyumba iliyo na hofu hiyo itapokea mpira hospitalini kwa adabu, na kuutupa njiani. Na wale wanaosema mtoto amelogwa, au kwamba mama alikosa jambo fulani, wanamzidishia mama mzigo bila kumsaidia mtoto.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Osha sehemu za siri za mtoto kwa maji safi. Tia mpira polepole mpaka mkojo utoke, ngoja mpaka uishe, kisha uutoe. Osha mpira nje na ndani, ukung'ute, uukaushe, uuweke katika kitambaa safi au kopo lenye kifuniko. Ukiwa mgumu au umepasuka, utupwe. Mtoto wa miaka sita, kibofu chake kwa kawaida hupokea karibu mililita 240, yaani kikombe kimoja. Ukiona zaidi sana, saa zimepita mno. Watoto wengi wa umri huo wakifundishwa wanaanza kujifanyia wenyewe. Ingawa sote tunasema "mpira," chombo hiki kiwe cha plastiki. Watoto wa mgongo wazi hudhurika upesi kwa utomvu wa mti wa mpira, ngozi inavimba na pumzi inabana, kwa hiyo hata glavu za utomvu huo zisiwaguse. Wengine wanahitaji pia dawa ya kulegeza kibofu, iitwayo oksibutinini. Hiyo mganga ndiye anayeipima.

Sasa juu ya kisu. Wazazi wengine wamesikia kwamba kuna upasuaji wa kutengeneza kibofu, nao wanaweka fedha, wanauza mbuzi, wanangoja. Ni kweli upasuaji huo upo. Mganga hukata kipande cha utumbo na kukishona juu ya kibofu ili kiwe kikubwa na laini. Na mwaka 1980 Paul Mitrofanoff wa Rouen, Ufaransa, alieleza jinsi ya kutumia kidole cha tumbo, kile kinachokatwa kikivimba, kama njia ndogo kutoka ngozi ya tumbo mpaka kibofu. Mtoto wa kiti cha magurudumu, ambaye hafikii njia yake ya chini, anatia mpira tumboni. Ni kazi nzuri sana. Lakini tazama: anatia mpira! Aliyeongezewa kibofu kwa utumbo naye atatumia mpira karibu siku zote za maisha yake, tena ataosha kibofu kwa maji, maana utumbo hutoa ute, na ute huzaa mawe. Asipokimwaga, kibofu hicho chaweza kupasuka. Mimi naona nyumba ambayo haikuweza kazi ya mpira mwaka mmoja isipelekewe kisu hiki.

Wengine wanangoja kibofu kipya kabisa. Mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake huko Marekani walitoa habari za wagonjwa saba wa mgongo wazi, ambao walikuzwa vibofu kutokana na chembe za miili yao wenyewe. Magazeti yalifurahi. Lakini jaribio jingine la watoto kumi, lililotangazwa mwaka 2014, halikuleta faida iliyotumainiwa, na baadhi yao walipata madhara makubwa. Uchunguzi uendelee. Figo za mtoto wako hazitaungoja.

Hayo yote ni ya watu wazima pia. Mtu aliyeanguka kutoka mchikichi au pikipiki akavunjika uti, kibofu chake kinaweza kufanya vilevile, naye asiachiwe mpira wa mfuko miezi na miezi kwa sababu tu hakuna aliyemfundisha.

Kwa mama ambaye amekwisha kuzaa mtoto wa mgongo wazi, aseme na mganga kabla ya mimba nyingine. Jaribio la Uingereza na nchi nyingine lililotangazwa mwaka 1991 lilionyesha kwamba asidi ya foliki, miligramu 4 kila siku tangu kabla ya mimba, ilipunguza ugonjwa huu kwa asilimia 72 kwa akina mama wa namna hiyo. Akingoja mpaka tumbo lionekane, amechelewa.

Neno langu kwa hospitali ni hili: mtoto wa mgongo wazi asiandikiwe ruhusa ya kwenda nyumbani mpaka kibofu chake kimepimwa, na ikiwa anahitaji mpira, mama yake, au baba, au dada mkubwa, ameutia mwenyewe mbele ya muuguzi, si mara moja bali siku tatu. Apewe mipira zaidi ya mmoja. Na mtoto akifika umri wa shule, dispansari imwandikie mwalimu barua. Mwalimu hana haja ya kuwaeleza watoto wengine kitu. Amruhusu kutoka katikati ya asubuhi bila kuomba mbele ya wote, na amtafutie choo chenye mlango unaofungwa, na ndoo ya maji.