Nani Atakuna Nazi?

Wali wa nazi wa kuanzia mwanzo huanza na nazi yenyewe, tena iliyokomaa. Huvunjwa kwa kisu kizito, maji yake yakakingwa kwenye bakuli, kisha mpishi akaikalia mbuzi, akakishika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha juu ya meno ya chuma. Anayejua kazi hukuna kwa mikwaruzo mifupi na huacha kabla ya kufikia gamba la kahawia, kwa kuwa chembe za gamba hulitia tui weusi. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya vuguvugu, ikafinywafinywa, ikakamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza, lile zito, huwekwa kando. Machicha hutiwa maji tena likatoka tui la pili, na pengine la tatu. Mchele huivia tui jepesi, na zito hutiwa karibu na mwisho. Tui likishakaukia, makaa hupaliwa juu ya mfuniko ili wali upate moto wa juu na wa chini kwa pamoja. Kabla ya yote hayo mchele ulikwisha kupepetwa na kuchaguliwa mawe, na mchuzi wa samaki una nazi zake zinazosubiri kukunwa.

Kwa nyumba ya watu 8, kazi hiyo hula sehemu kubwa ya asubuhi. Hilo ndilo wanalolisahau wote wanaodai kwamba sanaa ya kupika nyumbani inakufa.

Dai lenyewe limezoeleka. Husemwa harusini, matangani, redioni na kwenye baraza za kahawa: wasichana wa siku hizi hawajui kupika, mapishi ya bibi yanazikwa naye, kizazi kijacho kitaishi kwa chipsi. Ramadhani ya karibuni lilisikika hata msikitini, kwenye darasa moja la baada ya alasiri mjini Mombasa. Mhubiri alitumia karibu nusu ya mawaidha yake kueleza kwamba ndoa zinavunjika kwa sababu wake wa leo wanapikia tui la pakiti na kununua kaimati za futari barabarani. Wanaume waliohudhuria waliitikia kwa vichwa. Magharibi ilipoingia, futari iliyoletwa msikitini hapohapo ilikuwa imepikwa na mpishi wa kukodiwa, na kaimati zake zilikuwa zimenunuliwa barabarani. Walizila, wakazisifu.

Dai hilo ni uongo, na madhara yake ni kuwatwika lawama watu wasiostahili. Ujuzi wa jikoni upo pale pale. Kilichopungua ni mikono ya bure, na kila anayelilia mapishi ya zamani analilia mikono hiyo, ajue asijue.

Historia ya mapishi ya pwani ni historia ya wingi wa mikono. Emily Ruete, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 kwa jina la Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 juu ya majumba ya baba yake na majiko yaliyojaa wapishi na watumishi. Katika nyumba za waungwana wa Lamu, Pate, Mombasa na Unguja, kutwanga, kuteka maji, kupasua kuni na kukuna nazi zilikuwa kazi za watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Hakuna anayeweza kuieleza kwa haki meza iliyosifika ya waungwana hao akaiacha miaka hiyo 3 nje ya maelezo. Watu walioijenga sanaa hiyo hawakuulizwa kama wana nafasi asubuhi hiyo, na majina yao hayatajwi na wanaoisifu.

Baada ya watumwa ilikuja zamu ya watoto. Nyumba ya kawaida ya miaka ya 1960 au 1970 ilikuwa na bibi, mama, shangazi, pengine wake wawili watatu wa ndugu, na mabinti. Mama anayekumbukwa leo kwa utamu wa mkono wake mara nyingi hakuikalia mbuzi. Aliyekuna ni binti wa miaka 9 au 10. Mwenzake alikuwa anachambua mchicha, wa tatu ametumwa dukani kununua binzari, na shangazi anapepea jiko. Mama alionja, akatia chumvi, akapakua. Hiyo nayo ni kazi, na inataka ujuzi mkubwa, lakini haikuwa kazi ya mtu mmoja.

Binti yule sasa yuko shule. Kenya iliondoa karo ya shule za msingi Januari 2003, na Tanzania ikaondoa ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Saa 4 asubuhi, wakati nazi inapotakiwa kuwa kwenye mbuzi, mikono iliyokuwa ikiikuna imeshika kalamu. Anayeuita msiba upungufu huu wa wakunaji asimame aseme wazi kwamba anamtaka binti huyo arudi jikoni. Hasemi, kwa kuwa binti ni wake na ada ya chuo ameshalipa.

Mama naye hayupo. Anayeishi Likoni huamka saa 10 na nusu alfajiri ili awahi feri, na anayeishi Kigamboni vivyo hivyo. Hurudi giza limeshaingia, na akirudi hana shangazi wala wifi wa kumpokelea mzigo. Ana mikono 2. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Kenya mwaka 2021 ulikuta kwamba wanawake hutumia karibu mara 5 ya muda wanaotumia wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Kwa mizani hiyo, mtu wa mwisho kuitwa mvivu jikoni ni mwanamke. Nyumba zenye uwezo kidogo zimeziba pengo kwa dada wa kazi, na hapo pana aibu nyingine, kwa kuwa wengi wanaosimulia kwa majonzi kupotea kwa mapishi ya nyumbani hula kila siku chakula kilichopikwa nyumbani, kuanzia mwanzo, na msichana wanayemlipa mshahara usiotosha nauli ya kwenda kwao mara mbili kwa mwaka. Msichana huyo anajua kupika. Hahesabiwi.

Nyumba zenyewe zimejengwa kuzuia upishi huo. Kiwanja kilichokuwa na nyumba moja, ua na kibaraza, leo kina vyumba 20 vya kupangisha, na jiko ni kona ya upana wa hatua mbili isiyo na dirisha. Makaa yamepigwa marufuku kwa sababu ya moshi, kinu hakitwangwi ghorofa ya tatu kwa sababu ya wanaoishi ya pili, na samaki wa kupaka anayetaka moto wa mkaa hana pa kuchomwa. Wenye majumba hayo hawajawahi kutajwa katika mawaidha ya aina ile.

Nishati nayo ina hesabu yake. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, hasa kwa mapafu ya wanawake. Lakini maharage makavu yanayochemka saa 2 au 3 ni kitu kimoja juu ya mafiga na kingine juu ya mtungi wa gesi uliolipiwa. Ndiyo maana katika mitaa ya Nairobi githeri na maharage huuzwa yakiwa yamekwisha kuchemshwa, yakipimwa kwa kikombe na mama aliyeweka sufuria kubwa tangu asubuhi. Sufuria moja la nyumba 30 hula moto kidogo kuliko masufuria 30. Mnunuzi huenda nayo nyumbani, akakaanga kitunguu na nyanya, akaunga. Kumwambia mtu huyo kuwa hajui kuchemsha maharage ni kutojua bei ya gesi.

Wala kununua kilichopikwa si jambo la leo. Katika Mji wa Kale wa Mombasa watoto wametumwa asubuhi na sahani na sarafu kwa jirani anayeuza mahamri na mbaazi tangu enzi za bibi za wanaolalamika. Unguja watu wamenunua boflo kwa waokaji na mkate wa kumimina kwa mama wa mtaa wa pili, na urojo wameunywa barazani bila mtu kusema kwamba wake wa Unguja wamesahau jiko. Mahamri ya kununua yalikuwa sehemu ya nyumba. Hayakuwa ushahidi wa kuanguka kwake.

Pia huo “mwanzo” unaosifiwa haujulikani ulipo. Mahindi, muhogo, nyanya na pilipili vilitoka Amerika. Unga wa ngano unaokandwa kwa mahamri hutoka kiwandani, na kampuni ya Unga ilianzishwa Kenya tangu mwaka 1908. Hamira ni ya kiwanda, sukari ni ya kiwanda, mafuta ya kukaangia ni ya kiwanda. Mashine ya kusaga imekiua kinu cha mahindi katika vijiji vingi na hakuna aliyefanya tanga, kwa sababu waliokuwa wakitwanga walijua kutwanga ni nini. Kila mlalamikaji huuchora mstari wa uasili pale pale alipokuwa amesimama bibi yake, na chochote kilichokuja baada ya hapo hukiita uvivu.

Watetezi wa dai hili wana hoja wanayoipenda kuliko zote, nayo ni kwamba tui la pakiti halina mapenzi na kwa hiyo mume hatulii nyumbani. Hii ni hoja ya kitoto. Mume anayeihama nyumba kwa sababu ya tui angeihama kwa sababu ya chumvi. Tena hoja hiyo ikiletwa kwa jina la dini inakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa dini haikusema hivyo. Hadithi iliyopokewa na Bukhari kutoka kwa Bi Aisha inaeleza kwamba Mtume alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake mpaka ulipoingia wakati wa sala. Na wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, hawakuhesabu kupika kuwa wajibu wa kisheria wa mke. Mhubiri aliyesoma anayajua hayo. Kuyaficha mbele ya waumini ili kulinda sahani ya wali ni kosa lisilo dogo.

Anayetaka kuuona ujuzi wa jikoni ulivyo hai aamke kabla ya jua na amtazame muuza vitumbua. Mchele aliuroweka tangu jana, akausaga pamoja na tui na iliki, akautia hamira na kuuacha uumuke. Kikaango chake kina vishimo. Hutia mafuta kijiko kidogo katika kila kishimo, akasubiri, akamimina uji, na sauti ya kwanza ya mafuta humwambia kama moto umezidi. Pembeni zikianza kushika, huzungusha kila kitumbua kwa kijiti mara moja tu, kikageuka na tumbo lake la dhahabu likiwa juu. Hana saa wala kipimo. Uji ukiwa mwepesi vitumbua hunywa mafuta. Ukiwa mzito vinakuwa vigumu kufikia saa 3. Kosa la siku moja humla mtaji, na wanunuzi wake humhukumu kila asubuhi. Mwanamke huyo ana umri wa miaka 30 hivi, yaani ni mmoja wa hao “wa siku hizi”.

Wapishi wa shughuli nao wapo, wengi wao wanaume, wanaopika pilau ya watu 500 kwa kuni, nje, katika masufuria ya kuingia mtu mzima, na kulitambua tone la mwisho la maji kwa harufu. Wapo vijana wanaojirekodi wakisukuma chapati na kukunja sambusa, na watazamaji wao huandika kuuliza kiasi cha unga. Mtu haulizi kiasi cha unga wa kitu asichokusudia kupika. Sanaa imehamia kwa wanaolipwa kwa ajili yake, au kwa wenye saa 3 za nafasi siku ya Jumapili, na huko inafanywa vizuri kama ilivyowahi kufanywa.

Basi atakayepanda kutoa mawaidha Ramadhani ijayo, na mtangazaji atakayefungua simu za wasikilizaji juu ya jambo hili, aanze na swali moja kabla ya kuwataja wasichana: katika nyumba ya watu wazima wawili wanaofanya kazi na watoto wanaosoma, nani atakuna nazi? Mbuzi bado zinauzwa katika masoko ya Kongowea, Kariakoo na Darajani, kwa bei ambayo mwanamume yeyote mwenye kazi anaimudu, na hakuna mila wala aya inayomkataza kuikalia.