Mbona Hiace inageuka pale gari dogo linapokwama?

Ni jambo la kila siku katika mitaa ya Kariakoo. Hiace inamaliza kushusha mzigo, dereva anakata usukani hadi mwisho, gari linazunguka mara moja na kuondoka. Nyuma yake linakuja gari dogo la abiria, la chini, linang'aa, nalo linataka kugeuza pale pale. Linakwenda mbele, linarudi nyuma, linakwenda mbele tena. Wasukuma mikokoteni wanaanza kupiga miluzi, na haupiti muda kabla mtu hajauliza kwa sauti kama dereva yule leseni aliinunua.

Mara nyingi dereva anaonewa. Kosa, kama ni kosa, lilifanyika siku gari lilipochaguliwa. Mfanyabiashara aliyeagiza gari lililotumika kutoka Japani aliuliza mwaka wa kutengenezwa, aliuliza limetembea kilomita ngapi, aliuliza ukubwa wa injini kwa sababu ushuru unautegemea huo. Hakuuliza linahitaji nafasi kiasi gani ili ligeuke. Alidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba gari dogo linageuka padogo na gari kubwa linageuka pakubwa. Kumbe sivyo.

Tuanze na takwimu za watengenezaji wenyewe. Hiace ya kawaida, ile iliyoanza kutoka mwaka 2004, ina urefu wa karibu mita 4.7 na nusu kipenyo cha kugeuka cha mita 5.0, maana yake inachora duara lenye upana wa mita 10. Camry iliyoanza kuuzwa mwaka 2006 inachora duara la mita 11. Gari linalobeba magunia hadi darini linaishinda kwa mita nzima gari lililokusudiwa kubeba baba, mama na watoto. Mita moja katika uchochoro wa soko ndiyo tofauti ya kupita na kukwangua bodi.

Cha kushangaza zaidi ni Mitsubishi Lancer Evolution IX ya mwaka 2005, ambayo wapenzi wa mashindano ya magari wanaijua vizuri. Ina urefu wa mita 4.5 tu, pungufu ya Hiace, lakini duara lake ni mita 11.8.

Sababu ya kwanza ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Urefu wa bodi unadanganya macho, kwani kinachoamua ni wapi matairi yamekaa. Sababu ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kiasi gani tairi la mbele linaweza kupinda. Hapa kuna hesabu nyepesi ambayo hata mwenye mkokoteni wa ng'ombe anaweza kuifuata. Ikiwa tairi la mbele la upande wa nje wa kona linapinda nyuzi 30, nusu kipenyo cha kugeuka kinakuwa mara mbili kamili ya umbali wa ekseli hadi ekseli. Likipinda zaidi, jibu linashuka chini ya mbili. Likipinda kidogo, linapanda.

Sasa chukua Hiace. Ekseli hadi ekseli ni mita 2.57, kugeuka mita 5.0. Ukigawanya unapata 1.95. Probox, ambayo wauza mitumba na wasambazaji wa maziwa wanaifahamu, ina mita 2.55 na 4.9, yaani 1.92. Kirikuu aina ya Suzuki Carry ina mita 1.905 na 3.6, yaani 1.89. Hiyo Evolution ina mita 2.625 na 5.9, yaani 2.25. Na Land Cruiser pikapu ya milango miwili, ile ya 79, ina mita 3.18 na 7.2, ambayo ni 2.26. Kwa maneno mengine, kagari ka mashindano kanapinda matairi yake kwa uvivu ule ule wa Land Cruiser ya kupandia milima.

Kwa nini tairi likatae kupinda? Fungua boneti. Katika magari mengi madogo ya leo injini imelazwa kwa upande, na giaboksi imeshikana nayo hapo hapo, vyote vikiwa vimebanwa kati ya matairi mawili ya mbele. Pembeni yake kuna vyuma vinene vya bodi vinavyopokea kishindo gari likigonga. Tairi linapopinda, ncha yake ya nyuma inaingia ndani kuelekea vyuma hivyo. Injini ikiwa pana, nafasi inakwisha mapema. Tairi likiwa pana nalo linagusa mapema. Evolution ile ina tairi la milimita 235, wakati Probox inavaa tairi jembamba la milimita 155. Ndiyo maana Probox, ingawa nayo inavutwa na matairi ya mbele na injini yake imelala kwa upande, inageuka vizuri: injini ni ndogo, tairi ni jembamba, na nafasi imebaki.

Halafu kuna suala la kuvuta. Tairi la mbele linalosukuma gari linapokea nguvu kupitia jointi za CV, na jointi hizo zina mwisho wa kupinda. Zikipindwa kupita kiasi huku zikibeba nguvu, zinakufa. Mlio wa "ka-ka-ka" unaosikika gari dogo likikata kona kali ndio huo, na fundi yeyote wa gereji ya chini ya mwembe anaujua. Mtengenezaji anaweka kizuizi mapema ili kuzilinda. Hiace ya kuvutwa na matairi ya nyuma haina shida hiyo. Injini yake imekaa kwa urefu, chini ya viti, na matairi ya mbele yana kazi moja tu ya kuongoza.

Ndiyo maana pia Crown ya miaka ya 2003 hadi 2012, gari refu la mita 4.8 na zaidi ambalo wengi wanaliona la wakubwa, inageuka kwa nusu kipenyo cha mita 5.2. Ekseli zake zimeachana mita 2.85, zaidi ya Camry, lakini ukigawanya unapata 1.82. Inasukumwa na matairi ya nyuma, injini imekaa kwa urefu. Madereva wa teksi wanaoisifu Crown kwa kukata kona hawajakosea.

Ni kweli kwamba wahandisi hawakulaza injini kwa upande kwa uzembe. Gari linakuwa jepesi, ndani kunapatikana nafasi ya miguu, na halihitaji shafti ndefu inayopita katikati. Anayeendesha kwenye lami pana kutoka nyumbani hadi ofisini haathiriki. Tatizo ni kwamba gari hilo hilo linaishia mikononi mwa mtu anayelala Mlalo na kuamkia sokoni Lushoto, kwenye barabara za milima ya Usambara ambako upande mmoja ni ukuta wa udongo na upande wa pili ni bonde. Kule kugeuza kwa hatua tano badala ya moja ni klachi inayoungua, ni tairi la nyuma linaloelekea ukingoni, ni kabichi zinazomwagika. Mwenye gari anahesabu mafuta na spea, lakini hahesabu hizo hatua nne za ziada, ambazo zinarudiwa kila siku ya soko mwaka mzima.

Kuna mahali ambapo jambo hili halikuachiwa bahati. Mjini London teksi rasmi hazikubaliwi hadi ziweze kugeuza kati ya kuta mbili zisizoachana zaidi ya mita 8.535. Mercedes-Benz Vito ilipotaka kuingia katika biashara hiyo mwaka 2008, ilibidi matairi yake ya nyuma nayo yafanywe yapinde, ndipo ikakubaliwa. Hakuna anayedai kila halmashauri ya hapa iwe na sheria kama hiyo. Lakini dalali anayetaka milioni kumi na kitu za mkulima hashindwi kuandika namba moja zaidi kwenye tangazo lake. Namba ipo katika karatasi za mtengenezaji. Haiandikwi kwa sababu haiulizwi.

Anayeuliza awe mwangalifu na jibu. Wajapani huandika nusu kipenyo, Wazungu na Wamarekani kwa kawaida huandika kipenyo kizima. Mtu anaweza kuona 5.3 na 10.6 akadhani moja ni nusu ya nyingine, kumbe ni sawa. Tena kipimo cha Kijapani kinachukuliwa katikati ya tairi la nje la mbele, hivyo pua ya gari inayotokeza mbele ya tairi haimo. Gari lenye pua ndefu linaweza kugeuka vizuri kwenye karatasi na bado likagonga ukuta wa duka.

Na asiangalie mbele tu. Kwenye kona kali matairi ya nyuma hukatisha ndani ya njia ya matairi ya mbele. Kwa Hiace ni karibu sentimita 71, kwa Crown karibu sentimita 85. Kwa mwenye kuvuka madaraja ya magogo, tofauti hiyo si ndogo. Hiace ndefu, ile ya mita 5.38, ni habari nyingine kabisa: nusu kipenyo chake ni mita 6.1, na anayeichukua kwa sababu ile fupi inageuka vizuri amejidanganya.

Wapo pia wanaoharibu gari zuri kwa mikono yao. Kijana ananunua Probox inayogeuka padogo, anavua tairi la milimita 155 na kuvisha rimu pana za kung'aa. Tairi linaanza kukwangua bodi ndani, fundi anapunguza usukani usifike mwisho, na Probox inakuwa kama gari lingine. Mwenye Land Cruiser naye anaacha gia ya kuvuta matairi manne ikiwa imeingia kwenye barabara kavu, kisha analalamika kwamba gari ni gumu kukata. Aitoe, ataona.

Gari ambalo karatasi zake zimepotea linaweza kupimwa kwenye uwanja wa mpira wa vumbi. Usukani ukatwe hadi mwisho, gari lizungushwe taratibu duara zima, kisha ipimwe kwa futi ya fundi seremala kutoka alama ya tairi la nje la mbele hadi alama yake ya upande wa pili. Lirudiwe kwa mkono wa kushoto na wa kulia. Duara mbili zikitofautiana sana, tairodi zimefungwa vibaya au gari limewahi kugongwa, na hapo mnunuzi ana neno la kumwambia muuzaji kabla ya kuhesabu fedha.